Kuamua wakati hujui litakalokuja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mkaazi wa Unguja na Pemba: mwenye mikarafuu, mkulima wa mwani, mnunuzi wa kiwanja, msafiri wa boti. Hayamfundishi mtu kubashiri. Yanahusu namna ya kuamua huku ukijua kwamba hujui.

Nina jambo la kuamua na sina uhakika. Nianzie wapi?

Jiulize kwanza: nikikosea, nitaweza kurudi nyuma? Kwa gharama gani, na ndani ya muda gani? Swali hili litangulie hata lile la faida. Ukihamia duka jingine la unga na hukupendezwa, kesho unarudi la zamani. Ukiuza mikarafuu uliyorithi, imekwenda.

Jambo linalorudi liamue upesi kwa habari ulizonazo, utarekebisha huko mbele. Lisilorudi lipe muda, ulizia watu, lilalie usiku mmoja au zaidi. Wengi hufanya kinyume: nyumba nzima hubishana wiki mbili juu ya rangi ya ukuta, kisha shamba la babu linauzwa asubuhi moja kwa sababu mnunuzi anawahi boti ya mchana.

Baada ya hapo chukua karatasi uandike mambo matatu: likienda vizuri nitapata nini, likienda vibaya nitapoteza nini, na nisipofanya lolote itakuwaje. Hilo la tatu ndilo linalosahauliwa. Kutoamua nako kuna bei yake, kwa kuwa jino lililooza halingojei mpaka uwe tayari.

Sina takwimu. Nitajuaje kama jambo lina uwezekano mkubwa au mdogo?

Anza na yale yanayowatokea kwa kawaida watu walio katika hali kama yako, halafu ndipo uongeze yako mahususi. Chukua homa ya mtoto. Maambukizi ya malaria Zanzibar yamekuwa chini ya asilimia 1 kwa miaka mingi. Kwa hivyo mtoto wa Wete mwenye homa na kikohozi, ambaye hajatoka kisiwani, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na maradhi mengine, na kumpa dawa ya malaria kwa kukisia ni kumchelewesha. Hata hivyo, uwezekano mdogo si sawa na kutokuwepo. Kipimo cha haraka, tone moja la damu ya kidole, hutoa jibu kwa dakika 15 hadi 20. Mpeleke akapimwe. Na kama wiki iliyopita mlikuwa Tanga au Mombasa, mwambie mhudumu kabla hajakuuliza, maana hapo hesabu imebadilika.

Zipo dalili ambazo hazina hesabu: degedege, kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila anachopewa, kulegea au kuwa mzito kuamka. Ukiona mojawapo, hospitali, hata kama ni saa nane za usiku.

Jihadhari na kisa kimoja kinachokaa kichwani. Mtu aliyepata hasara kwa kishindo huzungumzwa miaka kumi, na wale mia waliopita salama hawazungumzwi na mtu. Kinyume chake pia hutokea: aliyerudi kutoka Muscat na gari anaonekana, walioambulia patupu hawaonekani.

Mbingu imefunga asubuhi. Nichume karafuu leo au ningoje?

Uchumaji mkubwa huanza mnamo Julai, na mwaka wa neema huendelea mpaka ukakutana na mvua za vuli, Oktoba hadi Disemba. Hapo mwenye shamba ana hatari mbili. Akingoja, matumba yatafunguka na thamani itashuka. Akichuma, mvua inaweza kuzikuta karafuu nje, au zikalala zimerundikwa. Karafuu mbichi zikirundikwa hupata joto, huvunda, hutoka nyepesi zenye weupe, na daraja linaanguka. Hasara hizi mbili hazilingani. Mti uliochelewa siku mbili bado una karafuu nyingi za kuuzika, lakini iliyovunda haitengenezeki.

Kwa hiyo usipoteze asubuhi kuuliza kama itanyesha. Uliza: ikinyesha, nina pahala pakavu kiasi gani? Pima sakafu iliyo chini ya paa: ukumbi, baraza, chumba cha wageni. Halafu hesabu watu watakaokuwepo nyumbani mchana, si waliopo alfajiri. Kipimo tunachopendekeza ni hiki: usichume zaidi ya kile ambacho watu hao wanaweza kukianua ndani ya nusu saa na kukitandaza ndani tabaka jembamba bila kurundika. Idadi ya wachumaji wa kukodi itokane na kipimo hicho, wala si na wingi wa matumba mtini. Hili linawauma wengi, hasa jirani anapochuma magunia. Muache achume.

Kumbuka pia kwamba kilo 3 mbichi hutoa takriban kilo 1 kavu. Ukiona kilo 90 mbele yako, hesabu 30 kabla hujaahidi mtu malipo. Chambua jioni ile ile, makonyo (vikonyo vya karafuu) mbali na karafuu mbali, na usiziache kwenye gunia mpaka asubuhi. Jua likiwa kali, siku 4 au 5 zinatosha. Kukiwa na mawingu hufika wiki au kupita. Iliyokauka ina rangi ya hudhurungi na ukiivunja hukatika, haipindi. Makonyo usiyatupe, kiwanda cha Wawi kinayakamua mafuta.

Na mti ukiwa umelowa, hesabu zote zinakwisha. Hapandi mtu.

Je, nizifungie karafuu ghalani nikingojea bei?

Mnunuzi kwa mujibu wa sheria ni Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na bei yake hutangazwa. Kisichojulikana kwako ni mvua, wachumaji na ubora, basi wasiwasi wako upeleke huko. Karafuu inayokaa ndani hupata unyevu na huibiwa. Ama magendo, aliyepanga kupata zaidi ng'ambo hukubali bila kujua mchezo ambao akishindwa mara moja anapoteza mzigo wote.

Kuna upepo na nina safari ya kwenda Unguja. Niende?

Wakati wa kusi, yaani upepo wa kusini, hasa Juni hadi Agosti, mkondo baina ya visiwa viwili huchafuka. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa onyo pale upepo unapotarajiwa kuzidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi kuzidi mita 2. Sikiliza taarifa usiku wa kuamkia safari, kisha uisikilize tena asubuhi. Kwa mwenye ngalawa au mashua ndogo, tangazo hilo linatosha kubaki pwani.

Kwa abiria wa boti, uamuzi mzuri hufanywa siku kadhaa kabla. Shughuli yenye saa maalumu, kama ndege, mtihani, rufaa ya hospitali au kesi, ipangie kufika Unguja siku mbili kabla katika kusi, na siku moja katika kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini. Usiku mmoja zaidi kwa jamaa wa Kikwajuni una gharama ndogo kuliko tiketi iliyopotea. Zaidi ya hayo, mwenye nafasi ya siku mbili hana sababu ya kupanda chombo asichokiamini, na hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote.

Ukifika bandarini tazama mambo matatu: watu wamekaa ngazini na njiani, mizigo imeziba milango au makabati ya majaketi ya kuokolea, chombo kimelalia upande kabla hakijang'oa nanga. Ukiona moja tu, shuka. MV Spice Islander I, iliyozama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, ilikuwa imejaza kupita kiwango. MV Skagit ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, bahari ikiwa imechafuka.

Lakini nauli nimeshalipa.

Pesa iliyokwishatoka haiamui safari. Imekwenda ukipanda na imekwenda usipopanda. Jiulize: lau ningelikuta jambo hili leo, sijatia hata shilingi, ningelianza? Kama jibu ni hapana, kinachokushika ni uchungu wa ulichokwisha kutoa. Swali hili linafaa kwa injini ya boti inayokula vipuri kila mwezi, kwa msingi wa nyumba uliochimbwa pahala panapotuama maji, na kwa uchumba unaovutwa kwa sababu tu ukumbi umeshalipiwa.

Nimepata kiwanja cha bei nafuu. Nichunguze nini?

Bei ikiwa nusu ya bei za majirani, sababu ipo. Kazi yako ni kuijua kabla ya kulipa.

Zanzibar ardhi yote ni mali ya umma, na Sheria ya Umilikaji Ardhi ya 1992 humpa Mzanzibari haki ya kuitumia. Unachonunua basi ni haki hiyo pamoja na vilivyopo juu yake, na ndipo matatizo yanapoingia. Shamba linaweza kuwa la mirathi isiyogawiwa. Linaweza kuwa wakfu, mali iliyotolewa kwa kheri na isiyouzwa. Linaweza kuwa eka tatu, yale mashamba yaliyogawiwa na serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, ambayo aliyepewa hana ruhusa ya kuyauza apendavyo. Na hata ardhi ikiwa safi, minazi au mikarafuu iliyomo inaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa, kwani kwetu miti na ardhi huweza kuwa na wenyewe tofauti.

Nenda mwenyewe, bila dalali, kwa sheha, kiongozi wa serikali katika shehia ile. Zungumza na majirani wa pande zote nne, kila mmoja peke yake na kwa siku tofauti, uulize mpaka uko wapi na nani alilima hapo mwanzo. Kisha Kamisheni ya Ardhi kuangalia hati, na Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana kuuliza kama pana wakfu. Ikiwa ni mirathi, taka orodha ya warithi wote na sahihi ya kila mmoja, wakiwemo walioko Dar na Oman.

Angalia zaidi jina la dada. Kesi nyingi za aina hii zina sura moja: ndugu wa kiume wameuza, na dada aliyeolewa mbali hakuulizwa. Fungu lake katika mirathi ni nusu ya la kaka yake, na halipotei kwa sababu alikuwa hayupo. Miaka minane baadaye yeye au wanawe hufika mahkamani, na nyumba umeshaipaua.

La mwisho halihitaji ofisi. Kitembelee kiwanja katika masika, siku moja baada ya mvua kubwa. Muuzaji asiyetaka ungoje mpaka Aprili ameshakupa habari.

Naweza kulipa kidogo nikiwa bado nachunguza?

Unaweza, lakini maandishi yatangulie pesa. Fiqhi ya Kishafi inaruhusu mnunuzi na muuzaji kukubaliana khiyari ya masharti, yaani nafasi ya kuvunja mauzo, isiyozidi siku tatu. Iandike: inaanza siku gani na saa ngapi, inakwisha lini, na nani anayo. Kuhusu arbuni, yaani malipo ya awali, andika waziwazi kwamba itarudi ukijitoa. Arbuni "inayoliwa" haikubaliki katika madhehebu hayo, hata hivyo sokoni huliwa kila siku, na asiye na karatasi ndiye anayeliwa. Siku tatu zinatosha kwa sheha na majirani. Haziwezi kutosha kwa mirathi yenye watu kumi na wawili. Hapo usitoe kitu mpaka sahihi zikamilike.

Nibadilishe shamba la mwani liwe la cottonii, maana bei yake ni kubwa?

Usibadilishe lote. Spinosum, aina nyingine ya mwani, ina bei ndogo lakini inavumilia. Cottonii ina bei nzuri lakini maji yakipata joto hugonjweka na kufa, hasa kuanzia Januari hadi Machi. Tenga kamba 10 katika 100. Mzunguko mmoja huchukua kama wiki sita, na majaribio yawe mawili: moja katika kusi, jingine katika kaskazi. Anayejaribu katika kusi tu, maji yakiwa baridi, hufurahi, akatandika shamba zima, na kaskazi ikamkuta.

Kabla hujafunga mbegu ya kwanza, andika kikomo: kwa mfano, nusu ya kamba zikifa naacha. Kikomo kilichoandikwa baadaye hufuata matamanio ya mwandishi. Na upange kukagua kila bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapokupwa sana, maana ugonjwa ukionekana mapema unavuna kabla mwani haujakatika.

Katika mchezo wa kuchangiana, nichukue zamu ya mwanzo au ya mwisho?

Watu 12 wakitoa shilingi 50,000 kila mwezi, kila zamu ni 600,000. Wa kwanza amepata mkopo usio na riba. Wa mwisho ameweka akiba, na amebeba khofu ya wote: mmoja akihama au akifiwa, pengo linamwangukia yeye. Kwa hiyo ukiwa na matumizi ya lazima, omba za mwanzo. Ukiwa unaweka akiba tu, shika za katikati, na ya mwisho uichukue pale tu unapowajua wote kumi na mmoja kwa nyumba zao. Pesa ya dharura usiiweke humo. Ikiwa nyumba yako hutumia 450,000 kwa mwezi, weka kando 1,350,000, yaani miezi mitatu, kidogo kidogo hata ikichukua miaka miwili.

Nimeswali istikhara na sijaota kitu. Niswali tena mpaka niote?

Ndoto si sharti. Istikhara ni rakaa mbili zisizo za faradhi na dua yake, kumuomba Mwenyezi Mungu akuchagulie lenye kheri, kisha unaendelea na jambo kadiri linavyofunguka. Masheikh hulifafanua hili kila mara, ila imani ya ndoto haitoki midomoni. Kinachoharibika ni pale mtu anapoiweka istikhara mahali pa uchunguzi: ameswali juu ya kiwanja ambacho hajamuuliza sheha. Uliza, pima, shauriana, kisha swali.

Nimeuliza watu watano na kila mmoja ana lake. Nimfuate nani?

Pengine tatizo ni ulivyouliza. "Unaonaje?" huleta maoni. "Ulilipa kiasi gani, ilichukua muda gani, kipi hukukitarajia?" huleta habari. Tafuta aliyefanya akafanikiwa, aliyefanya akashindwa, na asiye na faida yoyote katika jambo lako. Usianze kwa kutaja unalolitaka wewe, utajibiwa hilo hilo.

Barazani kuna shida yake. Mzee mkubwa akishatamka, wengine hukubali kwa heshima, na unaondoka ukidhani watu saba wamekubaliana. Waone mmoja mmoja kabla ya kikao. Na kama humkubalii mzee, huna haja ya kubishana naye: "Shikamoo, mzee wangu. Nimekusikia. Lau ungelikuwa hulifanyi jambo hili, sababu kubwa ingekuwa ipi?" Atakueleza yale ambayo angeyaficha kwenye mabishano.

Nimepata kazi Oman. Nikubali?

Huko ukaazi wako umefungwa na mwajiri aliyekudhamini, kwa hiyo kazi mbaya haiachwi kirahisi kama ya hapa. Ihesabu katika mambo magumu kurudi, na uifanye irudi: mkataba uliosomewa kwa lugha unayoielewa, ukitaja mshahara, saa na siku ya mapumziko, nakala za pasipoti na mkataba zibaki kwa mtu wa nyumbani, namba ya ubalozi wa Tanzania Muscat uihifadhi kichwani, kwani simu inaweza kuchukuliwa, na pesa ya tiketi ya kurudi iwe kwa mama au kaka, isiguswe. Usiuze ng'ombe wala shamba kumlipa wakala. Aliyeuza hata pa kurudia huvumilia yasiyovumilika.

Niliamua kwa uangalifu na mambo yakaharibika. Nilikosea wapi?

Huenda hukukosea. Uamuzi mzuri unaweza kuangukia pabaya, na wa kipumbavu ukatoka salama. Aliyeendesha pikipiki bila taa usiku kutoka Konde akafika, hajawa na busara kwa kufika. Ili utofautishe, weka daftari: tarehe, ulichoamua, ulichokijua siku hiyo, ulichotarajia, na uwezekano kwa makisio yako, mfano mara 7 katika 10. Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari, na maamuzi ni hivyo hivyo. Lisome kila baada ya miezi sita. Ukikuta yale ya "mara 9 katika 10" yanatimia nusu tu, unajiamini kupita kiasi. Bila maandishi, kila mtu hudai alijua tangu mwanzo.

Nimeambiwa niamue leo leo. Nifanyeje?

Omba mpaka kesho saa nne asubuhi, kwa ujumbe ulioandikwa. Muuzaji wa kweli hukubali mara nyingi. Ukiwa na hasira, njaa, homa, au uko msibani, usiuze wala usisaini kitu, hata ombi likitoka kwa ndugu. Na ikiwa ni simu inayosema jamaa yako amepata ajali na pesa zitumwe sasa kwa namba ngeni, kata, kisha mpigie jamaa huyo kwa namba yake uliyokuwa nayo siku zote; asipopokea, mpigie mtu anayeishi naye.